Kilichonifanya nirudi kwa mwenzangu wa kwanza

Nilitoka voliboli ya ukumbini nikaingia ya ufukweni, na katika misimu miwili nikabadilisha wenzangu mara nne. Tukifungwa tu, natafuta mwingine. Ukumbini mko sita na benchi lipo. Mchangani mko wawili, hakuna wa kuingia badala yako, na lawama haina pa kujificha.

Aliyenigeuza ni mwanamke ambaye sijawahi kuonana naye: Adriana Behar, Myahudi wa Rio de Janeiro, Brazil. Naye alianzia ukumbini. Mwaka 1995 aliungana na Shelda Bede, mfupi kuliko wachezaji wengi waliokuwa wakikutana nao. Adriana akawa wa kuzuia wavuni, Shelda akawa wa kuokoa mipira nyuma. Mwaka 1999 wakawa mabingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, katika ufuo wa Bondi kule Sydney, wakafika fainali ya Olimpiki, wakafungwa na Natalie Cook na Kerri Pottharst wa Australia: 12-11, 12-10. Nilizihesabu tena na tena. Pointi tatu tu kwa seti zote mbili!

Hawakuachana. Mwaka 2001 wakatwaa tena ubingwa wa dunia, na Athens 2004 wakarudi fainali na kupata medali ya pili ya fedha, nyuma ya Misty May na Kerri Walsh wa Marekani. Wapo wanaosema walikosa dhahabu. Kwangu mimi, kurudi pamoja baada ya Bondi ni jambo kubwa kuliko dhahabu.

Basi nikamwendea mwenzangu wa kwanza, kwao Bamburi, Mombasa. "Nisamehe, dadangu. Mwenye kosa nilikuwa mimi." Na ni kweli. Nilikuwa nikimwonyesha kwa vidole, mkono nikiwa nimeuweka nyuma ya mgongo wangu, kwamba wavuni nitaziba mpira wa kando ya mstari wa pembeni, kisha nikisharuka nageuza mawazo na kuziba katikati. Yeye huku nyuma anabaki amesimama mahali ambapo mpira hauji. Alinikubalia kwa sharti moja: siku ya kufungwa, mchezo hautajwi mpaka kesho yake.

Tukafanya mazoezi alfajiri, maji yakiwa yametoka. Nikajilazimisha kutii vidole vyangu mwenyewe, hata nilipoona wazi kwamba nimekosea.

Mashindano ya kwanza tulifungwa seti ya tatu, 15-13. Tulikaa chini ya mnazi tukala mihogo, kimya. Asubuhi yake saa kumi na mbili nilimkuta ameshafunga wavu.