Daktari aliyenifundisha kuhesabu pumzi za mwanangu

Binti yangu alikuwa na miezi minane siku nilipotoka kwa daktari na chupa tatu za dawa bila kujua anaumwa nini. Alikuwa na mafua na kikohozi cha siku mbili, homa 38.2, na usiku wake hatukupata usingizi. Daktari hakumvua nguo. Hakumsikiliza kifua wala kumtazama masikio. Aliuliza tu, "Anakohoa?" nikasema ndiyo, naye akaanza kuandika. Nilipomuuliza mtoto ana nini, akanijibu macho yakiwa kwenye karatasi: "Maambukizi tu hayo, mama. Mpe dawa, atapona."

Nyumbani nilizipanga zile chupa kitandani nikasoma vikaratasi vyake kimoja kimoja. Ya kwanza antibayotiki, ya pili ya mafua, ya tatu ya kikohozi. Hiyo ya tatu iliandikwa wazi kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili. Nilisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Sikumpa. Mafua yakaisha yenyewe, kikohozi kikafuata siku nyingi baadaye, lakini imani yangu kwa yule daktari ilikuwa imekwisha usiku uleule.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta daktari wa watoto kwa utulivu, mtoto akiwa mzima. Hili nalisisitiza kwa kila mama mjamzito ninayemfahamu: daktari atafutwe kabla ya ugonjwa, ikiwezekana kabla mtoto hajazaliwa. Saa nane za usiku mtoto akiwa anachemka, hakuna mzazi anayechagua. Unakimbilia palipo wazi.

Mwanzoni nilikuwa nawauliza wazazi wenzangu, "Daktari wenu mzuri?" Wote wakasema mzuri. Swali hilo halikunisaidia kitu, nikalibadilisha: "Mara ya mwisho mtoto kuzidiwa usiku, ulifanyaje? Ulimpata?" Hapo ndipo maneno yakaanza kutoka. Kuna aliyesema simu haikupokelewa, kuna aliyesema alipokelewa na muuguzi aliyemwelekeza vizuri hadi asubuhi. Mwingine akaniambia daktari wake akisafiri huacha jina la mwenzake wa kumshikia nafasi. Nikaandika yote. Nilihakikisha pia kwamba kila niliyemfikiria amesajiliwa na baraza la madaktari, na kama anajiita bingwa wa watoto, basi kweli alisomea watoto baada ya kumaliza udaktari wa kawaida.

Nilikwenda kuwaona watatu, kila mmoja kwa kisingizio cha kumpima mtoto uzito. Wa kwanza nilimuuliza kuhusu antibayotiki, akakunja uso kana kwamba nimemkosea adabu. Sikurudi. Wa pili nilimpenda sana, mpole, mwenye subira, ila kutoka kwetu ni mwendo wa saa nzima na zaidi, na mtoto anayepumua kwa shida hawezi kusubiri saa nzima.

Wa tatu alinawa mikono mbele yetu, akakipasha joto kwenye kiganja chake kifaa cha kusikilizia kifua kabla ya kukigusisha kifuani mwa mtoto. Nikatulia moyo. Alimpima uzito bila nguo, akaweka nukta kwenye kadi, kisha akaigeuza kadi ili niione mimi. "Huu mstari wa katikati si mtihani wa kufaulu," akasema. "Mtoto anayefuata mstari wa chini mwezi hadi mwezi anakua vizuri. Anayenitia wasiwasi ni yule aliyekuwa juu akaanza kuikata mistari kushuka." Nilikuwa nimebeba ile kadi miezi minane bila mtu kunieleza mistari ile ni ya nini. Baadaye nilisoma kwamba vipimo hivyo vya Shirika la Afya Duniani vilitolewa mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walionyonyeshwa maziwa ya mama na kulelewa katika mazingira mazuri walikua kwa kulingana, popote walipozaliwa.

Nikamuuliza lile swali langu: ni wakati gani haandiki antibayotiki? Hakukunja uso. "Mara nyingi siandiki," akasema. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria; kumpa mtoto mwenye mafua ni kumharishia tumbo bure na kuwazoesha bakteria dawa. Akaniambia mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kikohozi chake kinaweza kuchukua wiki mbili hata tatu kuisha. Nilikaa nikapiga hesabu. Mara nane kwa siku kumi ni siku themanini. Kumbe mtoto mzima kabisa anaweza kuwa na kamasi karibu robo ya mwaka! Laiti ningelijua hilo mapema ningeokoa machozi mengi.

"Sasa utajuaje mafua yamegeuka kuwa kitu kingine?" akaniuliza. Nikasema nitasikiliza kifua. Akatikisa kichwa. Alimlaza mtoto mapajani pangu, akampandisha fulana hadi kwapani. "Usisikilize. Tazama."

Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Akaniweka saa yake mbele ya macho, yenye mshale wa sekunde, akaniambia nihesabu dakika nzima, nisihesabu nusu nikazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja: huenda haraka, husita, kisha huenda tena. Awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Mara ya kwanza nilipoteza hesabu kwenye ishirini na kitu, mtoto alipogeuka. Nikaanza upya. Nikapata 38. Naye alikuwa anahesabu kimoyomoyo, alipata 38.

Akaniandikia namba ambazo hadi leo ziko nyuma ya mlango wa kabati letu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili hadi kutimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40. Na hata bila namba, nikiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au pua zinatanuka, au midomo inageuka rangi, au anashindwa kunyonya, nisikae kuhesabu. Niondoke.

Ndiye niliyemchagua. Niseme pia kwamba si lazima awe bingwa. Tabibu au muuguzi wa zahanati anayempandisha mtoto fulana na kuhesabu namthamini kuliko bingwa asiyeinua macho kutoka kwenye karatasi.

Kuhusu homa alinibadilisha mawazo kabisa. Mimi nilikuwa nakimbizana na namba ya kipimajoto. Yeye huuliza kwanza umri. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika 38, hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu katika umri huo maambukizi makubwa huenda yasioneshe dalili nyingine za wazi. Mkubwa zaidi ya hapo, anataka kujua: anakunywa? Anakojoa? Homa ikishuka anacheza? Mtoto mwenye 39 anayecheza anamtisha kidogo kuliko mwenye 38 aliyelegea asiyemtazama mama yake. Na penye malaria, akasema, homa yoyote ipimwe malaria bila kubahatisha. Kuota meno nako nisikupe lawama za homa kali. Meno humsumbua mtoto, lakini 39 ina sababu nyingine ya kutafutwa.

Dawa ya homa ni kwa uzito, si kwa umri wala kwa kukadiria. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Binti yangu alikuwa na kilo tisa, maana yake dozi moja isizidi miligramu 135. Chupa yetu ilikuwa na miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mililita 5 zilitosha. Lakini chupa hazilingani ukali, na hapa wazazi wengi hukosea: wanabadilisha chupa bila kubadilisha kipimo. Tulipimia kwa bomba la plastiki lenye alama, vijiko vya mezani tukaviacha. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Asali naye asilambe hata kidogo kabla ya kutimiza mwaka, hata kama ni kwa ajili ya kikohozi, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga misuli hadi ya kupumulia.

Alipofika miezi kumi na moja aliharisha na kutapika siku mbili. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa la kufanya: pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, katika maji safi ya kipimo kilichoandikwa juu yake, si zaidi, si pungufu, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kazi iko kwenye kumnywesha. Ukimpa kikombe anakunywa kwa pupa, yote yanarudi. Nilimpa kijiko kimoja cha chai, nikasubiri dakika moja, kimoja tena. Akitapika nasubiri dakika kumi, naanza upya taratibu zaidi. Baba yake alishika zamu kuanzia usiku wa manane. Nilikuwa namtazama macho kama yamezama, nabonyeza ngozi ya tumbo kuona inarudi haraka, na kila nepi yenye mkojo ilikuwa furaha ndani ya nyumba. Tulimpa pia zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku kumi, hata baada ya choo kukaa sawa. Kunyonya hakukusimama.

Degedege lilikuja akiwa na mwaka na miezi minne. Hakuna maelezo yanayomwandaa mtu kwa hilo. Alikuwa mikononi mwangu, macho yakapanda juu, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutetemeka. Dada yangu alikuwapo, akanyoosha mkono na kijiko amtie kinywani. Nilimzuia kwa nguvu. Nilimlaza sakafuni kwa ubavu, nikaondoa kiti kilichokuwa karibu, nikamlegezea nguo, nikatazama saa. Zilipita dakika mbili, na kila sekunde niliiona ikipita. Ingefika dakika tano ingekuwa dharura ya kuita gari lolote lililo karibu. Lilipoisha akalala fofofo, tukampeleka hospitali kwa sababu lilikuwa la kwanza na ilibidi wahakikishe si homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na virusi tu. Daktari wetu alinieleza kesho yake kwamba degedege la homa la namna ile, fupi, huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano na haliharibu ubongo. Akanieleza pia, bila kunificha, kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu hulipata tena, na kwamba dawa ya homa humpa mtoto nafuu lakini haizuii degedege. Nilimshukuru kwa kuniambia hilo la mwisho, maana nilikuwa nimekwisha kujilaumu kwamba nilichelewa kumpa dozi.

Ameshatimiza miaka miwili sasa. Mwezi uliopita alipata mafua ya kawaida, siku ya nne homa ikarudi wakati nilitarajia anapona. Usiku, alipolala, nikampandisha fulana, nikawasha taa ndogo, nikashika saa. 48. Nikatoka nje ya chumba nikanywa maji, nikarudi, nikahesabu upya. 50. Kifua hakikuwa kinabonyea, alikuwa amekunywa maziwa yake, lakini 50 kwa mtoto wa miaka miwili ni nyingi. Nikampigia daktari nikamtajia umri, homa, hesabu zote mbili za pumzi, na kwamba anakunywa. "Mlete sasa, usingoje asubuhi," akasema.

Alihesabu mwenyewe dakika nzima, akasikiliza mgongo, akapima oksijeni ya damu kwa kile kifaa cha kidoleni. Nimonia, imewahiwa mapema. Safari hii aliandika antibayotiki, amoksisilini, akanieleza kwa nini, siku ngapi, na nimrudishe siku ya tatu au mapema zaidi akikataa kunywa au kifua kikianza kubonyea. Sikuwa na shaka hata kidogo nikimimina dozi ya kwanza.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu nilihesabu tena. Ilikuwa 31, na paji la uso lilikuwa limepoa. Nikamshusha fulana.