Siku moja nyuma ya mashine ya espreso

Saa 11:20 alfajiri. Naiwasha mashine kabla hata ya kuvua koti. Chuma chake kinahitaji kama nusu saa kishike moto sawasawa. Kikiwa baridi kinanyonya joto la maji, na kahawa inatoka chachu.

Saa 12:00. Kinu. Hapa ndipo siku inaharibika au inanyooka. Kipimo changu ni gramu 18 za unga, zitoe gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Ya kwanza leo imemwagika kwa sekunde 17: nyepesi, kali ya uchachu. Nasaga laini zaidi. Ya pili inadondoka kwa kusuasua, sekunde 38, uchungu mtupu. Ya tatu, sekunde 28, ina utamu na krema juu, lile povu la kahawa lenye rangi ya dhahabu. Zote tatu nimeonja na kutema, la sivyo saa mbili haijafika mikono inatetemeka.

Watu hudhani espreso ni aina ya buni. Siyo. Buni yoyote inaweza kutoa espreso, maana jina ni la namna ya kupika: maji ya nyuzi 93 hivi yanasukumwa kwa shinikizo la baa 9 kupita kwenye unga uliosagwa laini na kushindiliwa.

Saa 1:15 asubuhi. Wateja wa mwanzo hawana maneno mengi. Mmoja ananywa espreso yake kwa mafunda matatu huku amesimama, kisha anamcheka mwenzake mwenye kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja: "Hayo maji yatakuamsha kweli?" Nilinyamaza, ila hesabu iko upande wa yule wa maji. Espreso moja huwa na kafeini ya miligramu 63 hivi. Kikombe cha kuchuja cha mililita 240 hukaribia 95. Espreso ni kali kwa kila tone, lakini matone yenyewe ni machache.

Saa 2:30. Foleni, na karibu kila mtu anataka maziwa.

Msingi wa kapuchino na late ni ule ule, espreso. Tofauti iko kwenye jagi. Kwa kapuchino naacha ncha ya bomba la mvuke ikwangue uso wa maziwa kwa sekunde kadhaa zaidi, isikike kama karatasi inayochanwa, hewa iingie na povu liwe nene. Kwa late naingiza hewa kidogo tu, kisha naizamisha ncha na kuyazungusha maziwa mpaka yang'ae kama rangi ya ukutani iliyokorogwa. Zote nazikatisha kwenye nyuzi 60 hadi 65. Ukivuka 70, ule utamu wa maziwa unapotea na harufu ya kuchemka inabaki. Anayesema "yachemshe kabisa" nampa anachotaka, lakini moyo unauma.

Kikombe nacho kina sauti. Kapuchino yetu ni ya mililita 170, late ni 260. Kahawa ile ile ikizama kwenye maziwa mengi inakuwa pole. Kwenye machache inasema.

Saa 3:10. Bwana mmoja kaagiza makiato. Nimempa espreso yenye kijiko cha povu juu. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi: "Kingine kiko wapi?" Kosa ni langu, sikumuuliza. Makiato ni neno la Kiitalia, maana yake iliyotiwa doa: kahawa yenye doa la maziwa. Yeye alizoea late makiato, ambamo maziwa ndiyo yanayotiwa doa la kahawa, kwenye glasi ndefu. Majina yanafanana, vinywaji vimepinduana. Tangu hapo nauliza kila mtu: unataka maziwa mengi, au kahawa isikike? Jibu hilo linanifaa kuliko jina lolote kwenye ubao.

Saa 6 mchana. Kula haraka, kufuta meza, kuosha majagi.

Saa 7:30. Kijana ninayemfundisha ananiuliza, "Dada, flati waiti si late ndogo tu?" Swali zuri, na lina ukweli kiasi. Nikamtengenezea zote mbili kando kwa kando. Flati waiti ina espreso ya vipimo viwili kwenye kikombe cha mililita 160 hivi, na povu jembamba kama utando. Alionja, akarudia ile ndogo. Australia na New Zealand bado zinagombania nani aliyeianzisha. Mimi sina upande.

Akauliza pia kuhusu amerikano. Ni espreso iliyoongezwa maji ya moto, basi. Ukitanguliza maji, halafu ukamimina espreso juu, krema inabaki. Kijana alidhani namtania mpaka alipoona kwa macho.

Saa 9:00 alasiri. Joto limewafanya watake barafu. Moka mbili za baridi, zenye chokoleti. Jina hilo linatokana na Mokha, bandari ya Yemen iliyosafirisha kahawa zamani, na chokoleti haikuwamo. Naloweka pia unga wa kahawa wenye chembe kubwa kwenye maji baridi kwa ajili ya kesho. Utakaa humo saa 16, utoke na kahawa laini isiyo na ukali wa ile ya moto iliyomiminiwa barafu.

Saa 11:00 jioni. Nimeshasafisha mashine kwa dawa yake na kufuta bomba la mvuke. Mlango unafunguka, mzee anaingia akihema.

"Nipe kahawa."

"Shikamoo mzee. Ya maziwa mengi, au isikike?"

"Marahaba. Ya kunywa, mwanangu."

Nikamchujia.