Mzazi Mwenye Wasiwasi Atamwendea Nani?

Kijana anapoanza kuvutwa na kundi la kigaidi, wa kwanza kuligundua jambo hilo kwa kawaida si ofisa wa usalama. Ni mama anayeona mwanawe amejitenga na wenzake, dada anayesikia simu za usiku wa manane, mwalimu anayeshangaa mwanafunzi hodari ameacha masomo ghafla, au rafiki aliyedokezewa siri. Ndiyo maana mpango wa kuzuia misimamo mikali yenye ukatili, ambao Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon aliuwasilisha mbele ya Baraza Kuu mwezi Januari 2016, uliipa jamii nafasi kubwa, na serikali nyingi zimeandika mikakati yao kwa kufuata mkondo huohuo. Nimesoma kadhaa kati ya mikakati hiyo. Inaeleza kwa kirefu namna habari zitakavyotoka kwa wananchi kwenda serikalini, lakini ni michache inayoeleza kitakachompata kijana baada ya mama yake kusema.

Mzazi anayeamini kwamba taarifa yake itamletea mwanawe mshauri ataitoa mapema. Anayeamini kwamba itamletea pingu, au jambo baya zaidi, atanyamaza hadi mtoto avuke mpaka. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha mwaka 2017 utafiti uliowahoji watu waliowahi kujiunga na makundi ya itikadi kali barani Afrika, na asilimia 71 kati yao walitaja hatua ya serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndiyo iliyowasukuma kufanya uamuzi wa mwisho. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2023, uliuliza sababu kuu ya kujiunga: asilimia 25 walitaja ajira, asilimia 22 walifuata jamaa au marafiki, na asilimia 17 walitaja dini. Takwimu hizi haziitwishi serikali lawama yote, maana kundi linalowaandikisha vijana lina mipango na uovu wake lenyewe. Zinaonyesha, hata hivyo, kwamba msako wa kupambana na ugaidi kama ule wa Aprili 2014 katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ambapo maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, unaweza kuwafunga midomo watu walewale ambao polisi watawahitaji kesho.

Si lazima mabavu yatumike ili imani ivunjike, udanganyifu unatosha. Mwaka 2010, jijini Birmingham nchini Uingereza, wakazi wa maeneo ya Sparkbrook na Washwood Heath, wengi wao Waislamu, waligundua kwamba kamera zaidi ya 200 zilizokuwa zikiwekwa mitaani mwao, baadhi zikiwa zimefichwa, ziligharimiwa na fedha za kupambana na ugaidi, ilhali walikuwa wameelezwa kwamba lengo lilikuwa uhalifu wa kawaida. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba kamera zilifunikwa kwa mifuko na hatimaye zikaondolewa. Naliona tukio hilo kuwa na mafunzo kuliko warsha nyingi, kwa kuwa baadhi ya wakazi hao wangeweza kukubali hata ulinzi mkali laiti wangeulizwa. Miaka mitano baadaye sheria ya nchi hiyo iliwapa walimu na wahudumu wa afya wajibu wa kuwa macho dhidi ya dalili za itikadi kali, na wakosoaji wakaonya kwamba mwanafunzi anayehofu kuripotiwa hataleta maswali yake darasani, bali atayapeleka kwa mtu asiyejulikana mtandaoni.

Mfano unaotajwa mara nyingi kwa upande wa mafanikio ni wa Aarhus, Denmark. Huko polisi na watumishi wa manispaa hukaa pamoja kupokea wasiwasi wa wazazi na walimu, kisha kijana hupewa mlezi wa kumshauri, pamoja na msaada wa masomo, makazi au matibabu ya akili. Waliorejea kutoka vitani Syria pasipo ushahidi wa kosa walihudumiwa kwa njia hiyo, na wenye ushahidi dhidi yao walipaswa kufikishwa mahakamani. Vijana wapatao 30 waliripotiwa kuondoka jijini humo kwenda Syria hadi mwaka 2013, na mwaka 2014 akaripotiwa mmoja tu. Singependa kuupa mpango huo sifa zote, kwa sababu vita vyenyewe vilikuwa vikibadilika, na ushirikiano wa shule, ustawi wa jamii na polisi ulikuwa umekwisha kuzoeleka Denmark kwa miongo kadhaa. Anayenakili utaratibu huo bila kuwa na msingi huo atapata jengo lenye kibao mlangoni, basi.

Kenya, baada ya shambulio la Garissa la Aprili 2015 lililoua watu 148, ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorejea kutoka Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia lililofanya shambulio hilo. Wazo lilikuwa jema. Tatizo ni kwamba tangazo la waziri si sheria, na kijana aliyejificha, pamoja na familia yake, hakuwa na kitu cha kushika mkononi kilichomhakikishia kwamba ofisa atakayempokea leo hatabadili kauli kesho.

Lipo pia swali la nani hasa huitwa jamii. Mara nyingi mwaliko huwafikia wazee na viongozi wa dini waliozoea vikao (na posho zake, tuseme ukweli), ilhali kijana aliyeukimbia msikiti kwa kuwaona wazee hao ni vibaraka wa serikali hawezi kurudishwa na watu haohao. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama, la Desemba 2015, lilitaka vijana washirikishwe katika amani na usalama, lakini katika vikao vingi bado wanazungumziwa wao wakiwa nje.

Kwa hiyo, ninaposoma mkakati mpya, natafuta mambo mawili kabla ya mengine yote: kifungu cha sheria kinachoeleza ni habari zipi mshauri anaweza kuzitunza bila kulazimishwa kuzipeleka polisi, na bajeti inayoonyesha nani atamlipa mshauri huyo mradi wa mfadhili utakapofikia kikomo.