Silinda ya afande

Juzi dada karudishiwa simu yake na fundi, skrini mpya, betri mpya, na huko ndani ati wamebadilisha mpaka sijui bodi gani, basi mtoto wake akaishika, akaigeuza-geuza, akaniuliza, anko, sasa hii bado ni simu ya mama ama ni simu ingine? Nikacheka, nikamwambia kaulize mamako. Lakini swali likanikaa kichwani, maana nilishaona wazee wawili wakikaribia kupigana kwa swali hilo hilo, na haikuwa simu, ilikuwa pawa soo, ule msumeno wa injini.

Wakati ule niko kwa mzee, fundi wa pawa soo pale Masese, Jinja, nikimsaidia kazi. Jamaa mmoja wa Mayuge akatuletea pawa soo yake, Husqvarna 268, imekufa. Kijana wake alitia petroli tupu, bila oili, na hizi injini za stroki mbili hazina oili ingine inayokaa huko chini, zile mililita 20 unazochanganya kwa kila lita ndio pumzi yake yote. Tukafungua, pistoni imechanika mistari upande wa ekzosti, silinda vile vile. Na silinda zile huchongi ukaweka pistoni kubwa zaidi, ovasaizi, kama ya bodaboda, ndani zimepakwa nikeli ngumu, ikibanduka ndio basi. Mpya mpaka uagize Kampala, na jamaa ana mbao za watu zinamngoja.

Sasa kwenye kona, chini ya meza, kulikuwa na 272. Hiyo ilikuwa ya askari mstaafu mmoja wa Walukuba, sisi tulimwita afande tu. Gogo liliiangukia, krenkesi, yaani ule mwili wa chini unaobeba krenki, ikapasuka, mzee akamwambia hii hailehemeki, afande akasema poa, nitarudi tuongee. Hakurudi. Ikakaa pale mpaka kuku wa jirani wakaanza kutagia nyuma yake.

268 na 272 ni ndugu tumbo moja. Pistoni inapanda na kushuka milimita 34 kwa zote mbili, tofauti ni upana wa silinda tu, hii 50 ile 52, ndio maana moja ina cc 67 hivi na ingine 72. Kwa hiyo ya juu ya moja unaweza kuivika ya chini ya nyingine, ila uhamishe silinda pamoja na pistoni yake, usitenganishe. Mzee hata hakunieleza, alinipa kaliper, kile kipimo cha milimita, akasema pima, nikapima, akasema umeona?

Tulianza jua likiwa limeshapoa. Akaziba mdomo wa krenkesi na kitambaa, kwa sababu klipu ya pini, ile pini inayoishika pistoni, ikirukia ndani umeongeza kazi ya nusu siku, akaweka pistoni, mshale wake ukitazama ekzosti. Pini akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia. Hakushika nyundo, na hapo nikajua mambo yamekubali, maana pini ikikataa hakuna cha kuongea tena. Halafu ringi. Kwenye mtaro wa ringi kuna kijipini kidogo sana, ncha mbili za ringi lazima zikutane hapo, zikihama zitanasa kwenye madirisha ya silinda na utaikusanya ringi vipande vipande. Kazi yangu ilikuwa kubana ringi kwa kucha huku mzee akishusha silinda. Vidole vimejaa oili, vinateleza, mzee anashusha taratibu mno, ananiambia usikaze, wewe ishikilie tu, usikaze. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaruka. Hakugomba, akainua tukaanza upya, na nikahisi jasho linanidondokea mpaka kwenye mkono wake na bado hakusema kitu. Ya pili nayo ikaingia, ikafanya tk, kisha silinda yenyewe ikateremka mpaka ikakalia gasketi. Kupima nafasi inayobaki juu ya pistoni, akapitisha waya wa solda kwenye tundu la plagi, akazungusha krenki, akauvuta, ncha imebapa, kaliper ikasoma juu kidogo ya nusu milimita. Akaniangalia kama mimi ndio nimezifanya ndugu.

Yaliyobaki yalienda haraka. Akafungua kidogo skrubu ya H kwenye kabureta, ile ya petroli ya mwendo wa kasi, maana silinda kubwa inakunywa zaidi na ukiibania petroli itaungua tena, ikawaka, jamaa wa Mayuge akalipa akaondoka anacheka peke yake, alikuja na 67 anarudi na 72.

Kumbe afande naye alikuwa anatafuta pesa tu. Akaja kazishika mkononi.

“Mzee, mashine yangu iko wapi?”

“Hii hapa, afande.”

“Hii ni nini?”

“Si ndio iliyopasuka. Nilikwambia.”

“Nilikuachia mashine, mzee. Unanirudishia mifupa.”

Mzee akaingia ndani akatoka na bahasha, pesa ya silinda alikuwa ameiweka pembeni, hiyo nitamtetea mpaka kesho. Afande akazihesabu, akasema bei ni nzuri, lakini mimi sikukuambia nauza spea. Mzee akasema ukiwa na mwili uliopasuka huna mashine, una spea, na mimi nimekuokolea iliyokuwa nzima. Sauti zikapanda, majirani wakajaa, kila mtu hakimu. Mwishowe afande akainua ile krenkesi, akafuta vumbi la mbao kwenye kibati cha namba, akatoa risiti yake mfukoni akalinganisha. Namba ni ile ile. Kwa karatasi, mashine yake alikuwa ameishika mkononi, nzima kabisa!

Akaitia kwenye gunia, na pesa akazichukua.

“Mzee, na ile ya Mayuge ikiibiwa leo, polisi watatafuta namba gani?”

“Ya 268.”

“Na silinda yangu?”

Mzee akasema si nimekulipa. Afande akasema ndio, umenilipa, ila hujanijibu.

Mimi siku hiyo nilikuwa upande wa mzee, na ugali wangu ulitoka kwake kwa hiyo msiniulize sana. Siku hizi nikipeleka kitu kwa fundi namwandikisha mpaka boliti, halafu siku ya kwenda kuchukua naisahau ile karatasi nyumbani.