Nilivyobaini virusi vya rasta kwa majani makavu

Kila niliyemuuliza aliniambia bila sanduku la barafu nisijisumbue kuchukua sampuli za majani ya kupima virusi. Nikatii. Nyanya zilizopata rasta, ugonjwa wa kukunjamana majani, bonde la Lukuledi, upande wa Ndanda, nikachuma majani, nikayatia kwenye mifuko ya plastiki juu ya barafu. Basi halijafika Dar, barafu maji. Maabara walipokea uji wa kijani unaonuka, wakaukataa. Nauli ikaenda bure.

Ushauri ule ulinikera, maana virusi vinavyosambazwa na inzi weupe kwenye nyanya, begomovirusi, hubeba DNA, yaani maandishi yao ya urithi, na DNA huvumilia kukaushwa. Nikazunguka maduka ya viatu Mtwara mjini kuomba vile vijifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi. Wenye maduka huvitupa, walinipa vya kutosha! Nikazikaanga chembe kwa moto mdogo, nikazimimina kwenye vichupa vyenye kifuniko cha kukaza. Jani changa la kileleni nikalifunga kwa karatasi ya shashi, nikalizika humo. Kesho yake lilivunjika kama biskuti, rangi yake ya kijani ingalipo. Chembe zikilowa, unazikaanga tena. Majina andika kwa penseli, wino hufutika.

Maabara walikuza DNA kwa kimeng'enya cha phi29, ambacho hunakili duara la virusi hata kama hujui unatafuta kirusi gani. Kisha tukasoma DNA-A nzima, duara kuu la DNA ya kirusi, herufi kama 2,800, na kuilinganisha na zilizokwisha kusajiliwa. Zikifanana chini ya asilimia 91, hiyo ni spishi nyingine. Kuanzia 91 ni spishi ileile, na kuanzia 94 ni aina ileile ndani ya spishi.

Mama mmoja mkulima alikuwa ameniambia, "Mwanangu, rasta ni rasta tu." Lakini virusi vya miche miwili ya shambani kwake, iliyokunjamana sawasawa, vilipolinganishwa havikufikisha 91. Vya mche wa manjano na mwingine uliodumaa, kutoka mashamba tofauti, vikapita 94. Macho yasingeweza kuona hilo, na wanaouza dawa ya ukungu kutibu rasta wanawaumiza wakulima, dawa hiyo haigusi virusi. Hata mbegu yenye jeni ya Ty-1 yaweza kuhimili kirusi kimoja ikaelemewa na kingine, kwa hiyo nilimshauri mama ajaribu mbegu mpya kwenye matuta machache kwanza, akiwadhibiti inzi weupe tangu kitaluni.