Himalayan yangu na mdogo wake

Leo tumebadilishana pikipiki na rafiki yangu; zote ni Himalayan za Royal Enfield, yangu ya zamani (411), yake mpya (450). Nimeendesha Himalayan 450 yake kutoka Olepolos hadi Magadi, kusini mwa Nairobi, na kurudi, yeye akiwa nyuma yangu juu ya 411 yangu. Nimefika nyumbani nikiwa na mengi kichwani, nayaandika yangali moto.

Nianze na injini, maana hapo ndipo ndugu hawa wanapotengana. Pistoni ya 411 husafiri mm 86 ndani ya silinda yenye kipenyo cha mm 78, na mwendo huo mrefu ndio unaoipa mvuto wa chini: unaachia klachi, unapanda jiwe pole pole, injini haikulalamikii. Ya 450 ni pana kuliko ilivyo ndefu, mm 84 kwa 81.5. Inataka izungushwe. Nilipoiacha ishuke chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika ilishikwa na kigugumizi, ikabidi nirudi gia. Ila ukiifungua! Nguvu za farasi 40 hivi dhidi ya 24 zangu, na gia ya sita ambayo 411 haina.

Tofauti hiyo niliisikia zaidi wakati wa kurudi. Magadi iko chini, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi Corner Baridi ni kufika karibu mita 2,000 juu ya bahari, jua likiwa limekuchoma mchana kutwa. Mlima huo naujua kwa gia ya tatu, nikiomba lori lililo mbele lisisimame. Leo nimeyapita malori nikiwa na pumzi ya akiba, kisha nikamngoja mwenzangu juu. Nilifurahi, na nikaona wivu pia.

Breki ya mbele inashika kweli, si kama yangu ambayo lazima uibane kwa vidole vyote. Shokapu za mbele zilimeza mashimo ya baada ya Olorgesailie bila mikono yangu kupata habari. Uzito haujapishana sana, kilo 196 kwa 199, lakini 450 nilihisi imesimama juu zaidi, na kwenye mchanga miguu yangu iliitafuta ardhi. Ile skrini ya duara yenye ramani niliitazama mara moja, basi.

Kinachonizuia kuihamia 450 ni rejeta yake ya maji. 411 hupozwa kwa hewa na oili, ina kamshafti moja (mhimili unaofungua valvu) na valvu mbili, na fundi wa bodaboda mwenye spana za kawaida akiifungua anaelewa anachokiona. Kaskazini mwa Kenya, siku nzima bila kukutana na gari, jambo hilo kwangu lina uzito kuliko farasi 16 za ziada. 450 ina kamshafti mbili, valvu nne, maji, na aksileta inayozungumza na kompyuta badala ya kuvuta waya.

Mtu anayenunua leo nitamwambia achukue 450, bila kusita. Mimi sibadilishi bado. Tunapanga kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mvua zikiisha, kila mmoja na yake, na tumeshakubaliana: tukifika kwenye yale mawe meusi ya kuelekea ziwani tutabadilishana tena, nione kama kile kigugumizi cha chini kitanisumbua huko kama ninavyodhani.