Bibi Titi sio jina la foleni

Juzi nimebanwa kwenye daladala, foleni ya barabara ya Bibi Titi haisogei hata kidogo, pembeni yangu kuna wanafunzi wawili, mmoja akauliza hivi huyu Bibi Titi alikuwa nani? Mwenzie akajibu kwa kujiamini kabisa, si mke wa rais fulani wa zamani. Jamani!

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia wanangu, yule alikuwa muimbaji wa ngoma hapa hapa Dar, na mwaka 1955 TANU, chama cha kupigania uhuru, ikiwa haijafikisha hata mwaka, akaja mgeni wa chama cha Labour kutoka Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wenu wako wapi? Ndo mbio zikaanza za kumtafuta mwanamke wa kusimama mbele za watu, maana waheshimiwa wengi wake zao walikuwa ndani bana, ndo akapatikana yeye.

Sasa utamu uko hapa. Bibi Titi hakuanza na hotuba, alienda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kina mama wa lelemama, maana vile vikundi tayari vilikuwa na viongozi, na michango, na namna ya kupelekeana habari nyumba kwa nyumba, halafu kabila lako halikuwa ishu, wote Kiswahili kimoja. Miezi michache tu wanachama wanawake wakafika kama 5,000. Na kumbuka serikali ya mkoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU, kwahiyo karani anaogopa kibarua chake, ila mama muuza maandazi nani atamfukuza kazi? Mimi naona hii ndo sababu kubwa kuliko zote ya wanawake kuibeba TANU na shuleni sikuwahi kuisikia, sisi tulikaririshwa majina ya wanaume na tarehe 9 Desemba 1961 basi.

Wale watoto wakaniuliza, baada ya uhuru ikawaje? Nikawaambia akaongoza UWT, umoja wa wanawake, ila baadaye akashtakiwa kwa uhaini, akapigwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Yule wa kujiamini akatoa macho, "afu ndo wakampa barabara?"

Kabla sijajibu konda kashapiga bodi, Akiba hapo, wa Akiba shukeni, nao wakashuka.